Kiti Nyuma ya Uchafu

Kilichoanza ni harufu ya limau. Fundi wa kusafisha picha kuukuu alinusa kikombe chake cha chai, akanusa mkoba, mwisho akaitazama picha iliyolazwa mezani: kamba mkubwa mwekundu, nanasi, komamanga lililopasuka, limau lililomenywa nusu. Rangi ya mafuta ya miaka mia mbili hainukii chochote. Mwenye picha alikuwa amemnong'oneza, "Ina wenyewe hii." Naye akajibu kwamba kila picha chafu ina wenyewe: moshi, vumbi na nzi.

"Wifi, bado tu?" Dada wa mumewe alichungulia mlangoni. "Kaka kashanawa, anakungoja tule."

"Aanze. Namalizia pembe hii."

"Unalamba pamba tena! Huoni kinyaa?"

"Mate hung'oa uchafu ambao dawa za duka zinaubembeleza tu."

"Basi nitakuletea chakula, malkia wa mate," wifi akacheka, akaenda zake.

Fundi aliloweka pamba mdomoni, akasugua, akaitupa, akachukua nyingine. Mwiko wa kazi yake ulikuwa mmoja: pamba iliyogusa picha hairudi mdomoni. Lakini chini ya uchafu palichomoza sahani tupu, kisha kiti kilichovutwa nyuma kidogo, kana kwamba anangojwa mtu. Kwa kushangaa akairudisha mdomoni pamba ileile.

Tamu. Komamanga.

"Karibu," sauti ikamwambia sikioni, kwa upole. "Aliyeonja haondoki wenyeji hawajashiba."

Alikurupuka, akavuka mlango akakuta meza ya pichani, akageuka akavuka tena akakuta meza ileile, ndefu zaidi, kitambaa chake baridi kikimgusa magoti, limau likijimenya lenyewe polepole, na pande zote wasioonekana wakitafuna, wakitafuna, hata akagundua kwamba taya zake nazo zinatafuna, mdomo umejaa na hakimezeki kitu.

Mbele yake, kama dirishani, kilikuwa chumba chake cha kazi. Wifi aliingia na sahani iliyofunikwa.

"Wifi? We wifi! Huyu naye, kaacha kazi nusu." Akainama, uso wake ukajaa dirisha lote. "Na hili doa je?"

Doa lilikuwa shavu la fundi.

Wifi akalamba kidole gumba, kama anayemfuta mtoto uso, akasugua. "Mh. Halitoki." Akakirudisha kidole mdomoni.

Fundi alitaka kupiga kelele. Alitafuna.

Ubavuni mwake, kiti kingine kikavutwa.