Uzi Mwekundu Ndani ya Ukosi

Jumamosi ilikuwa siku ya majoho. Mama alifungua mlango wa karakana saa moja asubuhi, akaweka mezani vidonge vitatu vya uzi. Wa buluu ulikuwa wake mwenyewe, fundi aliyeshonea kwaya za makanisa manne. Wa manjano ulikuwa wa binti yake. Mwekundu ulikuwa wa mtoto wa marehemu dada yake. Kila aliyemaliza joho alipiga mishono mitatu ya uzi wake ndani ya ukosi, mahali pasipoonekana. Mteja akirudi na lalamiko, Mama aligeuza ukosi tu, akajua wa kumwita.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiopumzika, kwa hiyo watu walimwita Kasuku. Binamu yake, aliyemzidi mwaka mmoja, alikata, akashona na kuandika kwa mkono wa kushoto. Naye walimwita Kushoto. Alipewa jina hilo siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama analipenda.

Kushoto alikuja miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo aliishi kwa mjomba wake, aliyemtoa shuleni ili achunge mbuzi. Mwezi wake wa kwanza katika karakana alichoma joho moja kwa pasi, akaenda kusema mwenyewe. Mama alimjibu kwa maneno machache.

"Hilo nalimeza. La pili, unarudi kwa mjomba wako."

Mama hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili.

Kasuku alikuwa na shida yake nyingine. Mwalimu wa watoto kanisani, ambaye siku za kazi alikuwa fundi viatu, alikuwa na utaratibu mmoja. Kila Jumapili mtoto alileta kitu kutoka nyumbani au kazini na kueleza kimemfundisha nini juu ya Mungu. Somo lililogusa watu lilirudiwa Jumapili iliyofuata mbele ya kanisa zima. Mtoto wa mwoka mikate alileta hamira kidogo ndani ya kikombe, akapigiwa makofi hadi na wazee. Tangu siku hiyo Kasuku hakulala vizuri. Alitazama sindano, mkasi na chaki, akivitafutia somo kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Jumamosi hiyo Mama alikwenda kupeleka mzigo kwa mteja. Kushoto alikuwa nje akichota maji. Kasuku alibaki na joho jeupe alilokuwa amelimaliza, mishono ya manjano tayari ndani ya ukosi. Alipuliza majivu kwenye pasi ya mkaa, akaijaribu kwenye kitambaa kikuukuu kama alivyofundishwa, kisha akaiweka juu ya mkono wa joho. Hapo ndipo somo lilipomjia.

"Wapendwa," aliuambia ukuta, huku mkono wake ukiwa bado juu ya pasi, "pasi hii inatufundisha kwamba mtu mwenye mikunjo hahitaji kukemewa tu, anahitaji pia moto wa..."

Harufu ilimfikia kabla hajapata neno. Aliinua pasi. Alama yake ilikuwa imekaa juu ya kitambaa cheupe, kahawia, imechongoka mbele kama jani.

Kasuku alisikia ndoo ya pili ikijazwa. Alijua bado kuna ya tatu. Alichukua wembe, akafumua mishono yake ya manjano, akatunga uzi mwekundu sindanoni na kupiga mishono mitatu. Alikata uzi kwa meno. Kisha akalikunja joho na kuliweka chini ya mengine.

Mama alilikuta jioni alipokuwa akihesabu mzigo. Hakupiga kelele. Aligeuza ukosi.

"Kushoto!"

"Abee, Mama mdogo."

"Hii ni nini?"

Kushoto alitazama alama ya pasi. Kisha alitazama ndani ya ukosi, na hapo akatazama kwa muda mrefu zaidi.

"Sikulipiga pasi joho hili, Mama mdogo."

"Uzi wa nani huu?"

"Ni uzi wangu. Lakini..."

"Lakini umejishona wenyewe?" Mama alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Mara ya kwanza ulikuja kusema. Sasa umejifunza kuficha. Funga vitu vyako. Kuna gari Jumatatu asubuhi."

Alifungua kifuniko cha pasi na kutumbukiza kidonge cha uzi mwekundu kwenye makaa. Uzi ulijikunja, ukatoa moshi, ukaisha. Kasuku alikuwa kando yao, akijifanya anatunga sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Kesho yake asubuhi hakuwa na somo. Alilitazama joho lililoungua, lililotupwa kapuni pamoja na vipande vya nguo, na wazo likamjia kwa wepesi uliomshangaza hata yeye. Alilikunja na kulitia kwenye mfuko wa nguo.

Darasa la watoto lilikuwa chumba cha mabenchi nyuma ya kanisa. Zamu yake ilipofika, Kasuku alisimama na kulikunjua joho mbele ya wote.

"Wapendwa, nguo hii ilikuwa nyeupe. Aliyeichoma alidhani atajificha. Lakini ndani ya ukosi kuna uzi wake, uzi mwekundu. Na sisi ni hivyo hivyo. Tunaficha makosa yetu, lakini Mungu hugeuza ukosi."

Makofi yalilipuka.

"Uzi mwekundu ni wa nani?" aliuliza mtoto wa mwoka mikate.

"Mimi sitaji mtu," alisema Kasuku, akatazama benchi la mwisho.

Vichwa vyote vikageuka. Kushoto alikuwa ameketi peke yake.

"Si ndiyo maana siku ya mwisho kondoo wanakaa kulia na mbuzi wanakaa kushoto?" alisema mtoto wa mwoka mikate. "Mee!"

"Mee-ee!" benchi zima likaitikia.

"Kesho anarudi kwa ndugu zake! Wamemkumbuka!" alidakia mwingine; Kasuku alikuwa ameshawasimulia habari za mjomba na mbuzi.

Kushoto hakulia. Aliuchukua mkono wake wa kushoto na kuuficha chini ya kwapa la kulia, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Mwalimu alipiga meza mara moja. Walinyamaza. Aliomba joho, akalisogeza karibu na macho, kwanza pale palipoungua, kisha ndani ya ukosi. Wazee wa kanisa walizoea kusema kwamba fundi viatu huyu angechukua nusu saa kuamua kama mvua inanyesha. Alilirudisha kwa Kasuku.

"Tuombe," alisema. "Kasuku, wewe nisubiri."

Wengine walipotoka, aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yake yakimfika karibu kifuani.

"Mimi nashona ngozi, mama yako anashona nguo, lakini mkono ni mkono," alisema kwa sauti yake ya chini. "Anayeshona kwa mkono wa kulia, mishono yake hulala upande mmoja. Anayeshona kwa kushoto, hulala upande wa pili. Nimewahi kupokea mkoba aliourekebisha binamu yako. Mishono yake naikumbuka." Aliugusa ukosi wa joho. "Hii mitatu imelala upande usio wake, mwanangu."

Kasuku alilivuta joho kifuani na kuanza kulikunja upya.

"Huenda nimekosea. Nakuuliza wewe."

"Mwalimu, utamwambia Mama?"

"Somo lako lilikuwa zuri sana. Kasoro yake ni kwamba umeliachia katikati. Kesho saa moja nitapita kwenu kuchukua viatu vya mama yako. Nikikuta umeshasema, vizuri. Nikikuta bado, nitasema mimi. Lakini hapo litakuwa somo langu, na wewe utabaki bila lolote."

Alasiri Kasuku alimkuta Kushoto chumbani akikunja gauni lake la pili. Alikuwa na magauni mawili tu. Madaftari ya shule alikuwa ameyapanga juu ya kitanda, upande wa vitu vya kuacha.

"Huyachukui?" Kasuku aliuliza.

"Nikawasomee mbuzi?"

Kasuku alisimama mlangoni. "Unajua ni nani," alisema hatimaye.

"Mishono yako naijua. Naifumua kila wiki na kuipiga upya kabla Mama mdogo hajaiona."

"Mbona hukusema?"

Kushoto aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Nilisema. Nilisema sikulipiga pasi. Wewe ulikuwa pale pale, na sindano mkononi."

Asubuhi ya Jumatatu Mama alikuwa akikaza kamba ya mfuko wa Kushoto wakati Kasuku alipoingia na joho. Alikuwa amepanga maneno mengi. Yalitoka machache.

"Mama, geuza ukosi tena. Tazama mishono, siyo rangi."

Mama aligeuza. Alikwenda nalo mpaka dirishani kwenye mwanga. Aliposhusha mikono, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Wewe?"

"Mimi. Nilifumua wangu nikaweka wake."

"Na jana ukaenda kuhubiri nalo?"

"Ndiyo, Mama."

Mama hakumpiga. Alichukua kidonge cha uzi wa manjano na kuifungua pasi, ambayo makaa yake yalikuwa yameshika moto. Kasuku alifumba macho.

"Usichome, Mama mdogo," alisema Kushoto kutoka karibu na mlango. "Uzi haujakosa kitu."

Mama alibaki na mkono hewani, kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alimwita mtoto wa dada yake, siyo Kushoto, bali kwa jina lake alilopewa na mama yake.

"Nisamehe, mwanangu. Miaka ishirini na mbili nashona. Nilisoma rangi, sikusoma mkono. Nilikuwa nasubiri ukosee."

Msichana alisogea mpaka kwenye mfuko wake. Alipiga magoti na kuanza kufungua kamba ya mfuko. Fundo lilikuwa limekazwa sana, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mwalimu alipofika saa moja kamili, alilitazama fundo hilo, akachukua viatu vya Mama na kuondoka bila kuuliza.

Jumapili Kasuku alisimama mbele ya kanisa zima, mahali alipopatamani kwa miezi mitatu. Aliinua joho na kumaliza somo.

"Uzi ni mwekundu, lakini mkono ni wangu. Nilimchomea mwenzangu mara mbili, nyumbani na darasani."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye mabenchi ya watoto mtu mmoja alianza, "Mee..."

"Nyamaza," alisema Mwalimu, na wote walishtuka, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Alisimama kando ya Kasuku.

"Watoto, na sisi wakubwa pia. Yule aliyetuambia habari za kondoo na mbuzi alizungumza juu ya waliomlisha mwenye njaa na waliompita. Hakukagua mtu anashona kwa mkono gani. Wiki iliyopita mlicheka, nami nilikuwa nimewafundisha kutafuta masomo ya Mungu katika kila kitu bila kuwaambia muanzie wapi. Hilo ni kosa langu. Muanzie hapa." Aliugusa ukosi wa shati lake mwenyewe. "Mungu hufundisha hata kwa nguo iliyoungua. Lakini ukichukua aibu ya mwenzako ukaifanya somo, huo siyo ushuhuda. Huo ni umbeya uliovaa joho. Anza na ukosi wako. Ukishaugeuza huo, hutakuwa na haraka ya kugeuza wa mwingine."

Jumamosi iliyofuata palikuwa tena na vidonge vitatu mezani, mwekundu ukiwa mpya. Tangu Jumatatu ile, wasichana hao walikuwa hawajasemeshana. Mchana, yule wa uzi mwekundu alichukua joho alilomaliza Kasuku, akageuza ukosi, akakunja uso. Zamani angefumua mwenyewe kimya kimya. Sasa alilisukuma joho mpaka upande wa pili wa meza, pamoja na wembe.

"Mbaya," alisema. "Fumua."

Kasuku alichukua wembe, akafumua.