Kovu la Jikoni

Kila asubuhi Emerensiana alifagia uwanja, kisha akateremka ufukweni pa kijiji cha Lundo kuanika usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Kila ukoo ulikuwa na alama yake kwenye pembe ya mkeka. Ya kwao ilikuwa fundo la ukindu mwekundu. Hakuna aliyegusa samaki waliokuwa chini ya alama ya mwingine.

Asubuhi hiyo ufukwe ulikuwa kimya. Ndui ilikuwa imeingia kijijini. Shangazi yake, Serafina, alikuwa amelazwa peke yake katika kibanda ng'ambo ya kijito.

Bwana Hyasinti, dresa aliyetibu wagonjwa na kuchanja watoto, alifika na sanduku lake.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Mama yako ana mtoto mchanga, hawezi kwenda kwa mgonjwa. Mimi ninakwenda kuchanja watu wa kilimani. Wewe una alama ya chanjo. Mpelekee shangazi yako uji, umlishe. Mikono yake haishiki kitu."

Emerensiana alilifunika kovu lake kwa kiganja. Kovu lilikuwapo kweli mkononi, lakini halikutokana na chanjo. Mwaka uliopita, wenzake walipopangwa mstari, yeye alijificha mahindini kwa kuogopa chuma cha kuchanjia. Baadaye alisikia kwamba asiye na alama hatapokelewa shuleni. Akachukua kaa la moto jikoni, akalibandika mkononi, akauma kanga asilie. Siku ya kuandikishwa shule, Bwana Hyasinti alilitazama kovu lile upesi, akamwambia apite.

Sasa Emerensiana alibeba kibuyu cha uji. Njiani rafiki yake Mektilda alimcheka.

"Mbona unatembea kama kinyonga? Unaogopa hivyo na alama unayo! Ungekuwa huna, je?"

Emerensiana alivuka kijito. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

"Ni Eme?" sauti dhaifu iliita. "Njoo, mwanangu. Nina kiu."

Mkono ulionekana gizani, umejaa malengelenge. Emerensiana alisimama mlangoni. Akiingia, ataugua, na huenda akampelekea ndui mdogo wake. Akirudi na kunyamaza, shangazi atashinda bila chakula. Akisema kweli, kijiji kizima kitajua.

"Nisamehe, Shangazi! Ninamwita mtu!" Aliweka kibuyu chini, akakimbia mpaka akamfikia Bwana Hyasinti kwenye njia ya kilimani.

"Alama yangu ni ya uongo," alisema akihema. "Ni ya kaa la moto."

Dresa alimshika mkono, akaugeuza juani. "Kovu la chanjo lina vishimo vidogo. Hili ni laini. Nilipaswa kuliona. Uliingia ndani?"

"Hapana."

"Ulimgusa?"

"Hapana, Bwana."

Dresa alishusha pumzi. "Uliogopa mkwaruzo, ukavumilia kaa la moto!"

Alifungua sanduku palepale, akamchanja. Kisha akarudi kumlisha Serafina yeye mwenyewe.

Mama alipopata habari, alimkaripia vikali, kisha akamkumbatia. Kila asubuhi Emerensiana alijikagua mwili mzima kwa hofu. Kipele kimoja tu kilitokea, pale alipochanjwa. Kikavimba, kikakauka, kikaacha vishimo.

Shangazi naye alipona, uso wake umejaa makovu. Aliporudi ufukweni, Emerensiana aliinamisha kichwa.

"Nitazame," shangazi alisema. "Siku ile uji ulinifikia umepoa. Afadhali uji wa baridi kuliko kukuzika wewe." Aligusa fundo jekundu la mkeka. "Watu wakiona hili hawagusi samaki wetu, kwa sababu wanaliamini. Dresa naye aliuamini mkono wako. Alama ni ahadi, mwanangu. Ukiweka ya uongo, watu watakutuma penye hatari wakidhani uko salama."

Mwaka uliofuata, watoto wadogo walipopangwa mstari kuchanjwa, wengine wakilia, Emerensiana alisimama mbele yao. Alikunja mkono wa gauni, akawaonyesha makovu yake mawili.

"Hili laini," alisema, "ndilo lililouma zaidi."