Betri Yenye Utepe Mwekundu

Jua lilikuwa linazama na nilikuwa nafunga duka langu la betri, kufuli mkono mmoja, bakuli la mama la akple, ugali wetu wa mahindi, mkono mwingine, Klutse alipoingia. Hakubisha hodi. Mtu yule hakuwahi kubisha hodi popote.

"Enyo! Unafunga mapema hivi, sisi matajiri tununue wapi?"

"Matajiri wananunua mjini," nikamjibu. "Sema shida yako."

"Nimepata boti mpya. Nataka muziki. Mtu akiwa ng'ambo kifua kimtetemeke kabla hajaniona. Nichagulie betri na chaja."

Katika ziwa letu, boti yenye muziki mkali ndiyo inayojaa kwanza. Wanawake wa samaki wa kukaushwa hawapandi boti bubu, hata uwape kiti cha mbele. Kwa hiyo haja yake niliielewa. Nisichokielewa ni alipata wapi uso wa kuja kwangu.

Boti yake ya kwanza alifungiwa muziki na kaka yangu, Dodzi. Nilikuwepo, palepale kwenye meza hii, Dodzi akimweleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto: betri mbili. Moja ya kuwashia injini, isiguswe na kitu kingine. Ya pili ya muziki, zile nzito zinazovumilia kunyonywa mchana kutwa. Kati yake swichi ya kuzitenganisha, na chaja inayojikata yenyewe betri ikijaa. Klutse akacheka, akaleta betri moja ya gari, tena iliyochoka. Dodzi alikataa. Klutse akamwambia asipoifunga, kazi anapewa mwingine. Dodzi akaifunga.

Siku ya tufani walikuwa katikati ya ziwa, Dodzi naye ndani kuuangalia muziki. Klutse alikuwa amezima injini ili kuokoa mafuta, boti inaelea, watu wanacheza. Upepo ulipoinuka, injini ikakataa kuwaka. Muziki ulikuwa umeinyonya betri mpaka tone la mwisho. Boti ikasukumwa kwenye visiki, ule msitu uliozama ziwa lilipojazwa, ikapasuka. Wengine walining'inia kwenye visiki mpaka wakaokolewa. Dodzi alikuwa ameinama nyuma akihangaika na nyaya. Hakuonekana tena.

Na Klutse akasimama gatini mbele ya watu wote, nguo zake bado zinachuruzika, akasema fundi alikuwa amelewa.

Dodzi! Ambaye hata harufu ya pombe ya mahindi ilimtapisha!

Kwetu, aliyekufa majini haji nyumbani peke yake. Mwenye boti lazima aende palepale alipozama. Anazima injini, anazima muziki, anamwaga akpeteshie, gongo yetu, anasema kwa kinywa chake jinsi mtu alivyokufa, kisha anamwita kwa jina. Ndugu anachota maji kwa kibuyu, na hayo maji ndiyo yanayozikwa. Kuanzia hapo mpaka nchi kavu ni kimya. Na mkisikia mtu anaitwa kutoka majini, haitikiwi.

Klutse alikataa kwenda. Angesema nini kule, kama si ukweli? Basi kaka yangu akabaki nje, na mama yangu kila jioni akawa anaweka akple na samaki mlangoni, kwa mtoto ambaye njia ya nyumbani imefungwa. Bakuli nililoshika lilikuwa la Dodzi. Asubuhi chakula chake huliwa na mbuzi.

"Utahitaji betri mbili," nikamwambia Klutse.

"Moja inatosha. Ukoo wenu mna tamaa! Kesho kutwa navusha watu wa soko, nitapita kuichukua." Akaondoka akipiga mluzi.

Nilitamani afe. Sitapamba maneno.

Ndipo nikasikia harufu.

Tope. Majani yaliyooza. Ile harufu inayotoka unapong'oa kitu kilichokaa sana chini ya ziwa...

Mtu alikuwa mlangoni. Taa ilikuwa nyuma yangu lakini mwanga haukumfikia usoni, sijui kwa nini. Alishika kitu kizito kwa mkono wa kushoto. Akainama, akakiweka sakafuni taratibu.

"Nichajie."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye maji ndani.

"Tumefunga," nikasema. "Ni ya nani?"

"Unamjua."

Tone. Tone. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mikono yake, na mvua hatukuwa tumeiona tangu mwezi uliopita.

"Utaichukua lini?"

"Nitakuja kuchukua changu," akanong'ona. "Siku ya kuvuka."

Nilipokwenda kuinua taa, mlango ulikuwa mtupu. Njiani hapakuwa na mtu. Jirani yangu muuza mkaa alikuwa amekaa kizingitini pake, akaniuliza naongea na nani.

Nikarudi ndani, nikaitazama ile betri. Ilikuwa imejaa konokono wadogo na nyuzi za magugu. Betri ya gari. Kwenye mpini wake palikuwa na utepe mwekundu wa umeme, umezungushwa kuelekea kushoto. Dodzi alikuwa mashoto. Kila betri aliyoifunga maishani mwake aliitia utepe hivyo, na fundi mwingine wa hivyo gatini hatuna.

Nilikaa chini nikalia. Kisha nikafungua vifuniko vyake.

Hapakuwa na maji ya betri. Palikuwa na maji ya ziwa, meusi, mpaka juu. Nikaweka mita ya umeme, sindano haikutikisika. Fundi yeyote mwenye akili angeitupa. Mimi nikaisafisha, nikaacha utepe, nikabana vibanio vya chaja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikawasha.

Klu... klu... klu...

Maji yakaanza kuchemka ndani. Halafu yakanyamaza. Halafu yakachemka tena. Nikasikiliza nikiwa nimeziba mdomo, kwa sababu nilikuwa nayajua yale mapigo. Mtu alikuwa anavuta pumzi. Anavuta, anaachia.

Sindano ya mita ikaanza kupanda.

Hata kabla sijala chakula changu, taa ya kijani ya chaja iliwaka. Betri ilikuwa imejaa.

Klutse alipokuja nilikuwa nimeiweka mezani tayari. Aliigeuza, akaipiga kofi kama anayenunua tikiti maji. Utepe alikuwa ameuona kwa miezi kwenye boti yake mwenyewe, lakini kazi ya mtu mwingine haikuwahi kumpitia machoni.

"Nakupa bure," nikasema. "Ila naifunga mwenyewe, na navuka nayo, nione inavyofanya kazi."

Niliposema bure, nikaona meno yake yote.

"Unaona sasa! Nilijua una moyo mzuri. Si kama marehemu."

Nikaifunga chini ya kiti chake cha nyuma, ndani ya sanduku la mbao. Kwenye kapu langu nilitia kibuyu cha mama na chupa ya akpeteshie. Nilitaka nini? Nilitaka aseme. Nilitaka kaka yangu aje nyumbani. Hilo jingine nililolitamani sikuliomba tena, lakini sikulifukuza.

Tuliondoka alasiri ili tulale ng'ambo na kuamkia sokoni. Boti ilijaa. Mbele yangu alikaa Abla, muuza samaki mwenye sauti ya kengele, amezungukwa na vikapu. Muziki ulikuwa mkali, mzito, msafi. Abla alicheza akiwa amekaa.

"Enyo, hii betri umeitoa mbinguni?"

"Hapana," nikamjibu. "Si huko."

Jua lilipogusa maji tukaanza kuviona visiki. Vimesimama vyeusi, vingi, kama watu wanaosubiri kuvushwa. Klutse hakupunguza sauti. Aliiongeza.

Muziki ukafifia.

Ukafifia tena... ukakatika.

Injini nayo ikakohoa, ikazima. Boti haikupelekwa na mkondo, haikuyumba. Ilisimama palepale.

Klutse akabonyeza swichi. Hakuna kitu. Akapiga sanduku teke.

Kutoka kwenye spika zote nne ikasikika: klu... klu... klu...

"Ni waya," Klutse akasema. "Enyo, angalia waya wako!"

Mimi sikuinuka.

Anavuta. Anaachia. Harufu ya tope ikapanda kati ya miguu yetu, na maji yakaanza kuingia, polepole, ingawa ubao haukuwa umepasuka popote. Spika zikanong'ona.

"Sema."

Abla akashika kanga yake kifuani. "Klutse. Kuna mtu ndani ya spika."

"Hakuna mtu! Ni—"

"Sema."

"Mimi naijua sauti hiyo," Abla akasema taratibu. "Na wewe unaijua. Sema, bwana! Sisi tuna watoto nyumbani. Hatufi kwa ajili ya mdomo wako!"

Wanawake wote wakamgeukia. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Nikatoa chupa kapuni, nikampa.

"Betri ilikuwa moja," akasema, akiwa anatazama miguu yake.

"Hatusikii!" Abla akapaza sauti.

"Betri ilikuwa moja! Alinishauri mbili, mimi nikakataa! Nilizima injini, muziki ukaimaliza. Hakuwa amelewa. Nilidanganya." Akamwaga akpeteshie majini, nusu ikamwagikia suruali yake. Kisha akaita, sauti imempasuka, "Dodzi! Dodzi, njoo twende nyumbani!"

Nikainama ubavuni mwa boti, nikachota. Kibuyu kilikuwa chepesi nilipokizamisha. Nilipokiinua kilikuwa kizito kuliko mtoto mchanga, na maji yake yalikuwa na joto la mwili. Nikakikumbatia kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka, na nilifurahi. Sijawahi kufurahi hivyo.

Injini ikawaka. Hakuna aliyeigusa.

Tulikwenda kimya. Hakuna aliyekohoa. Maji chini ya miguu yalikuwa yamekauka bila mtu kuyakomba. Baadaye tukaanza kuona taa za ng'ambo, na boti za wenzake Klutse zikiwa zimetia nanga, muziki wao unarindima, watu wanacheza gatini.

Nikamwona Klutse anavyozitazama. Hofu ilikuwa imemtoka. Uso wake ukarudi uleule.

"Niingie gatini kimya kama jeneza?" akanong'ona. "Watanicheka mwaka mzima."

"Usiguse," Abla akanong'ona. "Mpaka nchi kavu. Klutse! Usiguse!"

Akagusa.

Muziki ukalipuka. Mstari mmoja tu wa wimbo. Kisha spika zikanyamaza, na kutoka sandukuni chini ya kiti chake ikatoka sauti, ya upole, kama mtu anayemwamsha ndugu yake.

"Klutse."

Naye, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuitwa, akaitikia.

"Ee?"

Abla alifumba macho. Mimi sikufumba. Klutse aliinama kwenye sanduku, mkono wake ukaingia ndani, halafu akageuka kuelekea majini kama anayevutwa na mzigo mzito. Sikuona mtu. Nilichoona ni utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wake, umezungushwa kuelekea kushoto. Magoti yake yakagonga ukingo wa boti. Akanitazama. Nilikuwa karibu naye, mkono wangu ungemfikia.

"Enyo! Nishike!"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kibuyu.

Hakukuwa na mshindo. Maji yalifunguka, yakafunga.

Gatini walifungua sanduku kwa tochi. Betri haikuwemo. Nyaya zilikuwa zinaning'inia, ncha zake zimeota kutu ya zamani, kana kwamba hazijawahi kubanwa na kitu. Abla anasema betri ilizama naye, alishuka nayo mkononi. Huenda. Mimi niliiona mikono yake ikiwa mitupu, na sikubishana na Abla.

Tulimzika Dodzi kando ya ziwa, kwa heshima, na jina lake limesafishwa. Mama haweki tena bakuli mlangoni. Analala usiku kucha.

Klutse hajapatikana. Ndugu zake wamekwenda kwa wazee mara nyingi, na wazee wanarudi palepale: mwenye boti ndiye anayemwita aliyezama. Na mwenye boti ni yeye. Hiyo boti sasa imefunikwa turubai, hakuna anayetaka kuwa mwenye boti hiyo.

Jana jioni nilikuwa nafunga duka. Kufuli lilikuwa mkononi. Nikasikia harufu ya tope, kisha tone, tone, kwenye kizingiti. Kitu kizito kikawekwa chini. Safari hii alibisha hodi.

"Enyo..." sauti ikanong'ona, imejaa maji. Ile sauti iliyosema gatini kwamba kaka yangu alilewa. "Enyo, tafadhali. Nichajie."

Nikautazama ule utepe. Nikamtazama na yeye, pale mwanga usipofika.

"Chaja imeharibika," nikamwambia, nikafunga mlango.