Pete ya Ngozi ya Pongo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyewaumba wenye miguu miwili na wenye miguu minne akawapulizia wote pumzi, na ambaye siku ya hesabu atamchukulia mbuzi asiye na pembe haki yake kwa mwenye pembe. Sala na salamu zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo, chimbuko la habari hii ni Nosim, mama yake Simel, wa mteremko wa Mlima Meru juu ya Sekei. Nosim aliisimulia mbele ya jirani yake Sifael, ambaye sehemu yake aliiona kwa macho yake mwenyewe. Na kwa njia ya Sifael imefika hapa, haikutiwa chumvi wala haikupunguzwa.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu askari waliokwenda Burma warudi makwao, zama za Mwingereza. Simel mwana wa Lemburis alikuwa na boma lake pale migomba inapokoma na msitu wa Serikali unapoanza. Alikuwa mchapakazi, mpole wa maneno, ametoka kubatizwa na Walutheri. Mkewe, Namnyaki, alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika. Na hiyo ya tatu ililindwa kama kaa la moto siku ya mvua. Nosim hakumruhusu mkwewe kubeba kuni wala kuinama jikoni.

Simel alikuwa pia na mbwa wawili wakubwa, Raja na Moti, alioachiwa na Gurbachan, Kalasinga aliyesimamia kiwanda cha mbao kabla ya kuhamia Moshi. Mbwa hao walishiba ugali na maziwa, lakini kila kulipokucha waliingia msituni kufukuza wanyama, si kwa njaa, bali kwa raha ya kukimbiza. Naye Simel alipenda kuwasikiliza. Akiwa kwenye migomba yake aliweza kusema, kwa sauti zao tu, kama wamemwinua digidigi au nguruwe mafichoni, na kama mnyama yu mbali au amekwisha kuchoka.

Asubuhi moja Sifael, Mmeru wa makamo aliyeajiriwa kulinda msitu, aliingia uani na bunduki begani, akamkuta Simel ananoa panga na Namnyaki anachambua maharage.

"Shikamoo, baba," akasema Simel.

"Marahaba. Wale wanao wa Kisingasinga wako wapi leo?"

"Wametembea kidogo."

"Wametembea. Juzi walitembea na mtoto wa paa mdomoni. Simel, mbwa wako wana shamba kubwa kuliko lako."

Namnyaki alicheka, akaziba mdomo kwa mkono.

"Sasa baba, mbwa akifungwa atalinda nini? Atalinda kamba," akasema Simel.

"Basi na ailinde. Agizo linasema mbwa wa kufugwa atakayeonekana msituni apigwe risasi. Mara tatu nimekuja kwa maneno, kwa ajili ya hali ya binti huyu. Ya nne sitapiga hodi."

Simel aliahidi kamba. Hakuisokota.

Siku ya pili yake, mbwa walimwangusha pongo jike, swala wa msituni, kwenye chemchemi ambayo watu wa boma lile walichotea maji. Simel alipofika aliwakuta wameketi kando, ndimi nje, hawana haja ya nyama. Tumbo la mnyama lilikuwa limepasuliwa. Ndani yake mlikuwa na mtoto aliyetimia, kwato zake bado laini kama nta, na jicho moja limefumbuka.

Nosim akaambiwa.

"Mnyama wa mwitu ni mfugo wa Mungu," akasema. "Umemuua mwenye mimba, nawe nyumbani kwako kuna mwenye mimba. Mtoe yule mbuzi jike mweusi. Achinjwe pale pale chemchemini, nyama wazee waile huko, wewe niletee ngozi tu. Nitakata pete, mkeo avae. Na hao mbwa wafungwe mpaka mtoto azaliwe."

Pete ile ndiyo Waarusha wanayoiita olkereti: ukanda mwembamba wa ngozi mbichi ya mnyama wa sadaka, huvishwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, ukakaa hapo mpaka udondoke wenyewe. Aivaaye huwa amekabidhiwa kwa mnyama yule, na mnyama amekabidhiwa kwake.

Lakini mbuzi mweusi alikuwa wa maziwa, tena bora kuliko wote. Na mwinjilisti alikuwa amekwisha kumwonya Simel kuhusu matambiko. Akajiambia, ngozi ni ngozi, na macho ya Yeyo, mama yangu, yamefifia. Wazee hakuwaita. Akampeleka mbuzi kwa shemeji yake kule Olasiti, akamficha huko. Akarudi chemchemini, akamchuna yule pongo, akakwangua manyoya kwa panga, akampelekea mama yake kipande cha ngozi kilichojikunja.

Nosim alikiweka puani.

"Mbuzi huyu ananuka msitu."

"Si alikuwa analishwa huko, Yeyo."

Bibi kizee akakata pete, akamvisha mkwewe, akamtemea mate ya baraka kifuani. Mbwa hawakufungwa.

Siku mbili zilipita kwa amani. Ya tatu, Simel aliona kwamba mbwa hawamlaki tena mkewe. Namnyaki aliwatupia makombo kama desturi yake, nao hawakuyatazama makombo. Walimtazama yeye.

Ya nne, pete ilikuwa imekauka na kuingia ndani ya nyama ya kidole. "Inanibana," alisema Namnyaki, "lakini haiumi." Alikuwa amesimama mlangoni huku anatafuna kitu. Simel alimfumbua mkono, akakuta majani mabichi ya maharage.

"Unakula nini, mama?"

"Sijui. Nimeyatamani."

Tangu hapo alianza kushtuka. Kuni ikipasuka motoni, alisimama wima, shingo juu, asipumue. Alikataa kukaa na mgongo wake kwenye uwazi. Na mbwa hawakubweka tena. Alipokwenda zizini, walizunguka mbali, upande unakoelekea upepo. Alipogeuka, walilala chini. Simel aliijua namna ile ya kulala.

Alitaka kumwambia mama yake. Aibu ikamshika ulimi. Badala yake alichukua panga usiku ule aikate pete mkewe akiwa usingizini, akakuta Namnyaki hajalala. Alikuwa ameketi pembeni, macho wazi.

"Usinisogelee," alinong'ona. "Una harufu yao."

Kulipokucha Simel alishika njia ya Olasiti mbio kumrudisha mbuzi. Alimwagiza mama yake mambo mawili: Namnyaki asitoke, na mbwa wafungiwe bandani. Sababu hakuisema. Nosim, asiyejua hatari, alisinzia. Na miguu ya kizee haiwezi kuwakamata mbwa wa Kalasinga.

Simel alirudi adhuhuri, kamba ya mbuzi mkononi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba. Uani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi.

Kisha akawasikia.

Walikuwa juu, upande wa chemchemi. Sauti mbili, moja nzito, moja nyembamba. Alizisikiliza sauti zile kama alivyozoea, na masikio yake yakamwambia bila kuulizwa: wamemwinua. Ni mmoja. Ni mzito. Anachoka.

Aliiachia kamba. Akakimbia.

Kwenye ukingo wa msitu aligongana na Sifael, aliyevutwa na sauti zile zile, bunduki mkononi. Wakapanda pamoja. Ukungu ukafunguka kidogo mbele yao, hatua thelathini hivi.

"Pongo," alinong'ona Sifael. "Jike. Ana mimba."

Simel aliangalia pale pale. Alimwona Namnyaki anakimbia, mikono imeshika tumbo, na Raja yuko kisiginoni.

"Ni mke wangu. Baba, ni mke wangu."

Sifael aliinua bunduki. Alipiga. Raja akaanguka. Akapiga tena. Moti akajikokota kidogo, akalala. Ukungu ukajifunga.

Walimkuta Namnyaki ameketi kwenye majani, anapumua kwa kasi. Kisigino kimeng'atwa. Damu nyingine hapakuwa nayo, si nguoni, si ardhini. Kidole chake cha kati kilikuwa kitupu.

Na tumbo lake lilikuwa limelala.

"Yuko wapi?" Simel aliuliza. "Mtoto yuko wapi?"

Namnyaki alimwangalia kwa upole, kama mtu aulizwaye jambo lililo wazi.

"Amesimama," alisema. "Amekwenda."

Walitafuta mpaka giza. Wakatafuta siku tatu, wanaume wa maboma kumi. Simel alikiri yote mbele ya mama yake, akamchinja mbuzi mweusi chemchemini mbele ya wazee, na hakuna aliyekubali kuonja nyama. Kisha akasokota kamba kwa mikono yake, akapita boma kwa boma, akawafunga mbwa wa watu. Wenyewe hawakumzuia.

Lakini Sifael ndiye aliyerudi peke yake kusoma udongo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Kutoka bomani hadi chemchemini alikuta nyayo za mwanamke, peku. Kutoka chemchemini kwenda juu, katikati ya nyayo za mbwa wawili, alikuta kwato tu, zimedidimia kwa uzito. Na pale Namnyaki alipoketi palianza kwato nyingine, ndogo kama kucha za kidole gumba, mbili mbili. Hazikutoka popote. Zilianzia pale, zikapepesuka hatua chache, zikanyooka, zikaingia msituni.

Mvua za masika ya mwaka uliofuata zilipokatika, Simel aliamka akakuta alama za kwato kwenye tope, mbele ya mlango wake. Aliyesimama hapo alikuwa amesimama muda mrefu. Mwaka wa tatu zikaja tena. Zilikuwa zimekua.

Nanyi mliotega masikio, Mola awalindie walio matumboni na walio mgongoni, awape ujasiri wa kukiri kosa lingali dogo, na kila atakayesimama mlangoni penu awe ni mgeni wa heri. Amin.