Komeo la Chumba cha Majoho

Kila Jumamosi asubuhi nyumba yao iliamshwa na cherehani. Mama mdogo alikuwa fundi wa kushona, na kabla chai haijachemka miguu yake ilikuwa tayari inakanyaga pedali. Mama yao alikuwa muuguzi. Kama hakuwa zamuni, basi alikuwa amelala baada ya zamu. Kazi za nyumbani waligawana watoto wawili: dada wa miaka kumi na miwili alipiga deki na kuosha vyombo, mdogo wake wa miaka minane alikunja nguo na kuokota vipande vya nyuzi sakafuni.

Yule dada watu walimwita Kiherehere. Jina alipewa na jirani siku alipoingilia mazungumzo ya watu wazima kuwaambia kwamba maharage yao yanaungua. Maharage yaliokolewa, jina likabaki. Mdogo wake aliitwa Filimbi, kwa sababu ya sauti yake nyembamba ambayo akiimba jikoni ilisikika barabarani. Wote wawili walikuwa katika kwaya ya watoto kanisani, na mazoezi yalikuwa Jumamosi alasiri.

Jumamosi hiyo Filimbi alikunja nguo kimya kimya.

"Tumbo linaniuma," alisema. "Leo siendi mazoezini."

"Hata Jumamosi iliyopita liliuma," Kiherehere alimtania. "Hilo tumbo lako limemeza kalenda?"

Filimbi hakucheka, na yeye ni mtoto wa kucheka hata akianguka. Kiherehere akaliweka dekio chini, akakaa karibu naye.

"Nini kimetokea?"

"Nikikwambia, apa kwamba hutamwambia mtu."

"Siwezi kuapa kabla sijasikia. Sema tu. Mimi niko upande wako."

Filimbi akasema, huku akilikunja na kulikunjua shati lile lile.

Nyuma ya ukumbi wa kanisa kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, ambamo majoho ya kwaya yalitunzwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa na desturi yake. Mtoto akiharibu wimbo, alipelekwa humo kukunja majoho, na mwalimu alisukuma komeo kwa nje ili asitoroke kabla hajamaliza. Watoto walikwisha izoea adhabu hiyo kama walivyozoea kufuta ubao shuleni. Lakini siku Kiherehere alipokuwa kitandani na homa, Filimbi alikosea ubeti wa pili, akafungiwa, na mwalimu akamsahau. Wenzake waliimba, wakamaliza, wakaenda zao. Aliyemtoa ni mfagizi aliyekuja kufuata ufagio, giza limekwisha anza kuingia. Nyumbani alisema alikuwa anacheza mpira, akagombezwa.

"Niligonga mlango," Filimbi alisema. "Niligonga mpaka mkono ukauma. Kesho yake mwalimu aliniambia mambo ya kwaya yaishie kwenye kwaya, nisimtie aibu."

Kiherehere alisikia masikio yakimwaka moto. Alikasirika kiasi kwamba alitaka kuipiga teke ile ndoo ya maji machafu. Badala yake alimshika mdogo wake mkono, wakaenda moja kwa moja kwenye cherehani.

Sasa mjue kwamba mama mdogo hakuwa fundi tu. Alikuwa katibu wa kamati ya kanisa iliyokuwa inaandika sera ya ulinzi wa watoto, na kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya wadau. Alikwenda kwa wazee, kwa akina mama, kwa vijana na kwa walimu wote. Sera yenyewe ilikuwa ipitishwe kesho yake baada ya ibada.

Aliposikia habari ya komeo, miguu yake ilisimama kwenye pedali. Alimwacha Filimbi aseme mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu," alimwambia. "Hukukosa kitu. Wala kukosea wimbo si kosa la kumfungia mtu."

Akaenda kumwamsha mama yao. Mama alitoka chumbani bado ana alama ya mto shavuni, akamkumbatia Filimbi kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja tu: "Hapana." Wote walielewa kwamba leo hakuna anayekwenda mazoezini.

"Mama mdogo, mdau ni nani?" Kiherehere aliuliza.

"Ni mtu ambaye jambo linamhusu."

"Na hii sera ya kulinda watoto, inamhusu nani?"

Mama mdogo aligeuza kiti kumtazama. "Najua unakokwenda."

"Mbona hamkutuuliza sisi?"

"Mwalimu wa kwaya alijibu kwa niaba yenu. Alisema watoto hawana malalamiko."

"Aliyetufungia ndiye aliyetusemea?"

Mama mdogo aliivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Nimezunguka kanisa zima nikiuliza habari za kunguni, isipokuwa kwa wanaokilalia kitanda. Hapo nimekosea."

Alichukua simu, akampigia mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa seremala mzee, mtu mwema lakini mgumu kama mninga. Sauti yake ilisikika mpaka kwa watoto.

"Katibu, maoni tumekwisha yafunga! Kesho ni kupitisha tu."

"Basi kesho nitayafungua, baba," mama mdogo alijibu. "Tena nitakuja na watoto."

Jioni hiyo Kiherehere alimwuliza mdogo wake kama anaruhusu jambo lake lisemwe mbele za watu. Filimbi aliwaza. "Sema la komeo," alisema. "Jina langu usilitaje."

Kesho yake, ibada ilipokwisha, watu wazima walikaa ukumbini kwenye mabenchi. Seremala alisimama, akatazama huku na huku, akaona watoto wa kwaya wamejipanga ukutani.

"Watoto, tokeni mkacheze nje," alisema. "Tunataka kujadili ulinzi wenu."

Watoto wadogo walianza kusogea mlangoni. Kiherehere hakusogea. Aliegemeza mgongo ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimesema nje."

"Nimesikia, babu. Lakini mnatuzungumzia sisi. Naomba tubaki."

Minong'ono ikatapakaa. Mama mmoja alisema, "Watoto wa siku hizi!" Mwingine akacheka, akasema huyo si ndiye Kiherehere mwenyewe. Seremala aligeuka kumtazama katibu, akitegemea kwamba atamkemea mtoto wa dada yake.

"Nimewaalika mimi, kwa ruhusa ya wazazi wao," mama mdogo alisema. "Atakayetaka kusema atasema, asiyetaka atanyamaza. Hakuna atakayelazimishwa, na hakuna atakayeadhibiwa."

Mchungaji, aliyekuwa amekaa pembeni, akatikisa kichwa kukubali. "Waacheni waseme," alisema.

Kiherehere akasema. Alieleza habari ya chumba, ya kukunja majoho na ya komeo la nje. Alisema yuko mtoto aliyesahauliwa humo mpaka jioni, kisha akaambiwa anyamaze. Hakutaja jina.

Mwalimu wa kwaya alisimama, jasho limemtoka. "Kwa hiyo mimi ni mhalifu? Miaka yote hii nimewafundisha watoto wenu bila hata asante ya maji!"

"Mwalimu, ukifunga mlango wako usiku, unawaita majirani wezi?" mama mdogo alimwuliza. "Sera ni kwa ajili yetu sote. Lakini la kumfungia mtoto limetokea, na la kumnyamazisha limetokea. Hayo hatutayapitia juu juu."

"Mnakuza mambo," Seremala aliingilia. "Mlango ule nimeutengeneza mimi, na komeo nimelitia mimi. Enzi zetu tulifungiwa, na mbona hatukufa? Chumba kile hata mimi naweza kukaa mchana kutwa, tena nikalala usingizi!"

"Karibu, babu," Kiherehere alisema. "Si mbali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Seremala hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele za watu. Alivua koti, akalitundika kwenye benchi, akaenda mpaka nyuma ya ukumbi, akaingia katikati ya majoho. "Fungeni!" alisema. Mchungaji mwenyewe akalisukuma komeo.

"Sasa tuimbe," mama mdogo alisema. "Kama siku ya mazoezi."

Wakaimba watoto, wakaimba na wazazi wao. Kinanda kilipigwa, watu wakapiga makofi, na ubeti wa mwisho wakaurudia kwa sababu ulikuwa mtamu. Katikati ya utamu huo, yeyote angeweza kusahau kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Nafikiri wengine walisahau kweli.

Mchungaji alipofungua, Seremala alitoka na joho moja limemning'inia begani. Shati lilikuwa limelowa. Aliwatazama watu kana kwamba wamemtendea ubaya.

"Nimegonga," alisema. "Giza mle ndani halina mfano, na hewa hakuna. Nimegonga na kugonga. Hamkunisikia?"

Ndipo sauti nyembamba ikatoka ukutani.

"Na mimi niligonga, babu."

Alikuwa Filimbi. Alikuwa amenyoosha mkono wake juu kama darasani, na hakuushusha ingawa watu wote walimgeukia. Mama yake alianza kuinuka, akaketi tena, akimwachia mwanawe nafasi yake. Kisha msichana wa sauti ya pili akanyoosha mkono. Kisha mapacha. Mikono iliendelea kunyooka kando ya ukuta, na kila mkono ulikuwa wa mtoto aliyewahi kuwa ndani ya chumba kile. Kiherehere alilia bila kuona haya.

Seremala alimwendea Filimbi. Hakusema lolote juu ya enzi zao. Alimwuliza tu, "Ulikaa muda mrefu kuliko mimi?"

"Kuliko wewe, babu. Sana."

Mzee akatoka nje kwenda kuchukua boksi lake la vifaa.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameketi, kichwa mikononi. Alipoinuka, hakujitetea tena. Alisema mbele ya wote kwamba alikosea kumfungia mtoto, na kwamba kumwambia anyamaze lilikuwa kosa kubwa zaidi. Akamwomba radhi Filimbi. Filimbi alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na mama yake hakumlazimisha. Kamati iliamua kwamba mwalimu hatafundisha watoto mpaka wamalize kuliangalia jambo lile na yeye apate mafunzo, na wakati huo kwaya itasimamiwa na watu wazima wawili.

Siku hiyo sera haikupitishwa. Mama mdogo aliketi na watoto katikati ya ukumbi, mama wa mapacha akiwa pamoja naye na milango ikiwa wazi, akawauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakasema. Sera ilipopitishwa baadaye ilikataza kumfungia mtoto popote, ikaagiza mtu mzima asikae peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Mtoto asitakiwe kuficha siri inayomwumiza. Wakachaguliwa watu wawili wa kupelekewa malalamiko, na mmoja wao alichaguliwa na watoto wenyewe.

Lakini Jumapili ile ile, walipokuwa wanatoka, walimkuta Seremala amepiga magoti mlangoni mwa chumba cha majoho, bisibisi mkononi. Komeo lilikuwa limebakiwa na skrubu moja. Alimkabidhi Filimbi bisibisi.

"Hii ya mwisho itoe wewe," alisema. "Nikishamaliza, huu mlango nitautia kioo."

Filimbi alikaza meno, akazungusha, komeo likaanguka sakafuni.

Njiani Kiherehere alimwuliza mama mdogo kama leo amewakosea watu wazima adabu.

"Hapana," mama mdogo alisema. "Uliamkia, ukaomba, ukasema kweli, ukakataa kuondoka. Adabu si kunyamaza unapoumizwa, wewe au mwenzako. Mtu akikuumiza kisha akakwambia usiseme, hapo ndipo useme: kwa mama, kwa mwalimu, kwa mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwendee mwingine. Na sisi watu wazima kazi yetu ni kuacha kuimba kidogo, tusikilize kama kuna anayegonga."

Mbele yao, Filimbi alikuwa amekwisha anza wimbo wa asubuhi, na alikosea ubeti wa pili vilevile kama siku aliyofungiwa. Akaendelea kuimba kwa sauti kubwa mpaka nyumbani.