Vipande Sita vya Muwa

Utepe mwembamba wa fedha ulipokazwa kwenye kipaji cha uso cha Lusajo, skrini ya darasani iliwaka. Ikamwonyesha mwanamume amechuchumaa uani, panga mkononi, akikata muwa. Alikata vipande sita. Viwili akampa mtoto.

"Mbili ya sita ni sawa na theluthi moja," alisema Lusajo, macho ameyafumba. Dakika tatu tu zilikuwa zimepita, na kabla ya hapo hakuwahi kulisikia neno theluthi.

Mwaka huo shule zote za mjini zilikuwa na kiungamaarifa, mashine iliyounganishwa na tepe hizo. Walimu wa zamani walihangaika kutafuta mfano ambao mtoto angeuelewa. Walitaja maembe, ng'ombe, mpira. Mashine hii haikubahatisha. Iliingia kwenye ubongo wa mtoto, ikachagua jambo analolijua vizuri kuliko yote, ikalifunga pamoja na somo jipya. Mwalimu Bupe Mwakalinga, aliyekuwa amefundisha kwa chaki miaka kumi na mmoja, aliipenda. Katika wanafunzi wake thelathini na wanane hakuna aliyefeli tena.

Ijumaa asubuhi Tusekile, mama yake Lusajo, alifika kabla ya kengele, amemshika mwanawe mkono.

"Mwalimu, naomba unisaidie. Jana nimemwonyesha picha ya marehemu baba yake. Ananiuliza, huyu ni nani?"

Bupe akachuchumaa mbele ya mtoto. "Lusajo, baba alikuwa anakukatia muwa pale uani. Unakumbuka?"

"Muwa ukikatwa sehemu sita sawa, kila sehemu ni moja ya sita," alijibu haraka, amefurahi kuulizwa swali analolijua.

"Na aliyeukata?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha mwalimu. "Kwenye hesabu hiyo hakuna mtu."

Bupe alikwenda kwenye mashine, akafungua ukurasa ambao alikuwa hajawahi kuwa na sababu ya kuufungua. Chini ya jina la Lusajo palikuwa na orodha. Baba akimrusha juu: nguvu ya mvutano. Baba akipuliza moto: oksijeni. Baba akikohoa kitandani: mapafu. Kumbukumbu kumi na nne, na mbele ya kila moja neno lile lile: imetumika.

"Imetumika ndiyo nini?" Tusekile aliuliza.

"Inachagua zile zenye nguvu, Mama Lusajo. Na kwa mtoto aliyefiwa, za baba ndizo..." Akaigusa orodha kwa kidole. "Somo likishafungwa hapo, kumbukumbu yenyewe hairudi. Mimi nilidhani inaazima tu."

"Ulidhani."



Tusekile akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimkaribia kidevu, akamvuta mwanawe. Hakulia. "Basi nitamfundisha mimi mwenyewe. Sikiliza, mwanangu. Baba yako aliitwa Ambakisye. Alikuwa mrefu."

"Mrefu kama nani?"

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Swali hilo aliliweza. "Kama mjomba Anyosisye. Hata kucheka walicheka sawa, kile kicheko cha kupiga meza. Si unamkumbuka mjomba? Mwaka jana alikaa kwetu, mkilala chumba kimoja."

Lusajo alifikiri kwa bidii, amekunja uso.

"Mjomba yupi?"

Bupe akaigeukia tena orodha: mjomba akicheka na kupiga meza, mawimbi ya sauti, imetumika.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia mbio, wakasukumana, wakakaa, na kila mmoja kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua utepe wake.

"Msivae!" Bupe alipiga kelele. "Wekeni chini! Wote!"

Walio mbele walishtuka, wakaziachia tepe zao. Huko nyuma, karibu na dirisha, taa za kijani za tepe zilikuwa zimeshaanza kuwaka.