Nilimpa Mhaini Jina la Jirani

"Melchior ni nani?"

Mwanajeshi aliuliza akiwa amesimama mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa bado nimeshika mikrofoni.

Watu wakacheka. Wakamwonyesha Melchior kwa vidole...

Nianze na filamu, maana ndizo mnazonifuatia katika safu hii. Wiki hii nimeona mbili. Ya wizi wa benki ni nzuri mpaka wezi wanapoanza kutoa hotuba. Ya vita imetengenezwa vizuri, lakini niliizima mhaini alipotokea.

Si kosa la filamu.

Butembo, mashariki mwa Kongo, 2001, wakati wa vita. Nilikuwa mtafsiri wa filamu katika salle ya video ya Muyisa, ukumbi mdogo wa mtaa, Jumapili baada ya misa. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, mimi nikazisema kwa Kiswahili. Desturi yetu ilikuwa kumpa kila mwigizaji jina la mtu wa mtaa. Bila hivyo, watu walisinzia.

Siku ile filamu ilikuwa na mhaini anayeficha maadui ghalani. Melchior, mnunuzi wa kahawa, alikaa mstari wa pili na mkewe Virginie. Alikuwa na depo kubwa, ghala la kahawa. Nikampa mhaini jina lake.

"Maliro, leo unanifanya mubaya?" akapaza sauti. "Kahawa yangu hautakunywa tena."

"Kahawa yako ni maji tu, papa."

Salle nzima ikacheka. Virginie alifunika uso kwa kitenge. Nilidhani naye anacheka.

Nyuma walikaa wanajeshi watatu. Mkubwa wao, Jordy, alitoka mkoa mwingine na alikuwa na wiki moja tu mjini. Kiswahili alikisikia. Desturi yetu hakuijua. Ndiye aliyekuja mbele.

"Chef, ni muchezo tu," nikamwambia. "Hapa tunapatiaka filme majina ya batu betu."

"Kama ni uwongo, juu ya nini bote banacheka?"

Akawaita wenzake wawili kwa mkono.

"Bote banajua. Donc twende tuone ile depo."

Melchior alisimama polepole, akiwa bado anatabasamu.

"Endelesha filme," akaniambia. "Nitarudi."

Nikaiendelesha. Dakika hamsini, mpaka mwisho...

Hakurudi.

Kwa miaka mingi niliamini wanajeshi walimuua mtu bure, kwa utani wangu. Mwaka jana nilikutana na Virginie sokoni Beni. Hakunisalimia.

"Maliro, nijibu kitu kimoja. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Kwamba bandugu yangu babili balikuwa mu depo. Balitoroka jeshi, Melchior akabaficha. Baaskari balibakuta mule. Bakabaua bote batatu."



"Hapana mutu aliniambia."

"Basi uliota?"

Nikamweleza kila kitu: ghala la filamu, depo ya mumewe, utani wa kila Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mu tribunal, mbele ya hakimu, ungesema vile," akasema, akaenda zake.

Ana haki. Mimi ninayedai ushahidi kwa kila jambo, kwa hili sina hata mmoja. Sikujua. Shahidi wa hilo ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jina la mtu aliye hai usilitie katika hadithi mbele ya watu wenye silaha. Ukikosea, atakufa bure.

Ukipatia bila kujua... hakuna atakayekuamini.